Mnywa Chaji wa Lori la Nizar

Mshale wa mita ya chaji ulikuwa umelala upande wa kutoa, na lori lilikuwa limezimwa tangu asubuhi. Fundi Mbaruku aliutazama kwa macho ya mtu aliyechoka, akagonga kioo kwa kidole. Mshale haukurudi. Taa zimezimwa, honi haijaguswa, injini imepoa, lakini umeme ulikuwa unatoka kwenye betri na kwenda kusikojulikana.

Ilikuwa siku ya tatu anahangaika na lori hilo katika karakana ya Nizar pale Dodoma, mwaka ule Wazungu walipokuwa wakifyeka mapori ya Kongwa ili wapande karanga. Lori lilirudi kutoka Kongwa na shehena ya kuni, visiki vya pori lililong'olewa, na tangu hapo halikukaa na chaji. Mbaruku alikaza mkanda, akabadili kaboni za dinamo, akasugua katauti inayozuia umeme kurudi kwenye dinamo, akajaza betri maji ya mvua. Dinamo ilitoa umeme vizuri kabisa. Betri haikushiba. Akafunga betri nyingine, nayo ikafa maili ya nne, njia ya Mpwapwa, akarudi mjini lori likivutwa na ng'ombe huku watoto wakimcheka.

Lingekuwa lori la safari nyingine angelisusa. Lakini binti yake wa pekee, Jaha, alikuwa amelazwa huko Mpwapwa kwa homa ya uzazi, mtoto amekufa, naye anamwita baba yake. Reli ilikuwa imekatwa na mafuriko karibu na Gulwe. Nizar, Mhindi mpole mwenye mzaha mwingi, alikuwa amemwambia lori likipona tu alichukue aende. Basi Mbaruku hakuwa amelala siku tatu, na kila mtu aliyempa pole alimchosha zaidi.

Adhuhuri ile akaanza kuchomoa nyaya mmoja mmoja, kama kazi inavyotaka, ili aone upi unavujisha. Alichomoa wa taa, mshale ukabaki palepale. Wa honi, wa dinamo, wa koili, vilevile. Mwisho akafungua waya wa betri yenyewe, akaushika mkononi, na alipogeuka kutazama mita akaona mshale bado umelala, na hapohapo harufu ya asidi ikaondoka na kuja harufu ya udongo mbichi na mizizi iliyokatwa leo, na alipoweka kiganja juu ya betri aliikuta ina joto kama mgongo wa mtu, ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, mpaka kutoka chini ya boneti ukatoka mwayo mrefu, mzito, wa kiumbe asiyejaliwa kusinzia.

Nizar alipoitwa alikuja na mzaha wake. Alipousikia mwayo wa pili, mzaha uliisha, na yeye mwenyewe ndiye aliyetuma mtu akamwite Bi Arafa, mganga mkongwe wa ukoo wa watu wa misafara. Mfa maji haachi kutapatapa.

Bi Arafa alifukiza ubani kulizunguka lori, akawaonya kwamba mgeni akisema, wa kumjibu ni yeye peke yake. Jini, alisema, mtu hupatana naye bei. Akitaka mbuzi utampa marashi, akitaka damu utampa sukari, na mnabishana hivyo hata jua lichwe. Kisha akauliza nani amekaa humo.

Aliyejibu ni Nizar, aliyekuwa ameegemea mlango wa lori. Mdomo ulikuwa wake, sauti haikuwa yake.

"Mwenye pori," ilisema polepole. "Sijalala tangu matrekta yapite juu ya nyumba yangu. Nakunywa moto huu nipate kusinzia, wala siupati usingizi. Nimechoka."

Bi Arafa akamuuliza anataka nini ili aondoke.

"Usingizi. Mmoja wenu anipe wake."

Bi Arafa aliinua mkono, tayari kuanza na marashi. Lakini Mbaruku alikuwa akimuwaza Jaha, na mwili wake wote ulikuwa unauma, na jambo lile aliloombwa alilihesabu kuwa rahisi kuliko mbuzi.

"Chukua wangu," alisema. "Siku hizi hata mimi siuoni."

Mshale ukarudi katikati, na Nizar akauliza kwa sauti yake mwenyewe kumetokea nini. Bi Arafa akaketi chini taratibu na kufunika chetezo.

"Ungeniachia mimi, mwanangu," alisema.

Lori halikukohoa hata mara moja mpaka Mpwapwa. Jaha alimshika baba yake mkono, na siku ya tatu homa ikamwachia. Mbaruku alishukuru Mungu kwa moyo wote, macho yake yakiwa mekundu kama pilipili. Tangu Dodoma hakuwa amesinzia hata kitambo.

Siku ya tisa Jaha aliweza kutembea, akarudi nyumbani kwake na baba yake. Baada ya chakula cha mchana akamtandikia baba yake mkeka, akamsihi apumzike, akatoka. Mbaruku alijilaza akitazama dari. Ndipo mkoromo ukaanza, mzito, wa raha, wa mtu aliyeusubiri usingizi siku nyingi. Ulitoka ndani ya kifua chake, na mdomo wake alikuwa ameufumba.

Alitaka kumwita Jaha. Akamsikia nje ya mlango akizungumza na wanawake waliokuja kumpa pole, na sauti yake ilikuwa na furaha kwa mara ya kwanza tangu amzike mtoto.

"Tuseme polepole," aliwaambia. "Baba amelala."