Mwamvua Aacha Ugali

Mwaka 1974 Mwamvua aliuza mawese dukani Kasulu pamoja na mumewe, Dadi. Alikuwa mcheshi, tena mnene hasa. Magoti yalimuuma. Binti yao Zena alikuwa aolewe baada ya mavuno, na mama alitaka jambo moja tu: kucheza ngoma siku hiyo.

Shemeji yake wa pwani akamshauri, "Acha ugali, shemeji. Utapungua."

Akaacha ugali, ndizi na viazi. Lahaula! Wiki zikapita, gauni likazidi kumbana. Mwamvua akalia. "Baba Zena, nitacheza nimekaa kitini!"

Siku moja jirani yao Odilia, muuguzi wa zahanati, alikuja kununua chumvi. Akamkuta Mwamvua anatafuna karanga.

"Karibu, nesi. Tangu asubuhi sijala kitu."

"Hujala? Na hizo karanga?"

"Aa, hizi za kupitisha wakati. Chakula ni ugali bwana!"

"Jana ulikula nini?"

"Nyama nono. Na maharage ya mawese."

Dadi akadakia, "Maharage yanaogelea! Debe moja tunauza, la pili analimaliza yeye!"

Odilia alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akasema, "Mama Zena, hata karanga ni chakula. Kila chakula kina nguvu, na nguvu hiyo hupimwa kwa kalori. Ukila zaidi ya unavyotumia, mwili unaweka akiba. Ndiyo unene huo. Umeacha ugali, sawa, lakini umeongeza mafuta. Kijiko kimoja cha mawese kina kalori nyingi kuliko vijiko viwili vya unga."

"Wallahi?"

"Kweli kabisa. Na karanga nazo, haba na haba hujaza kibaba."

"Basi nife njaa?"

"Hata! Mawese pima kwa kijiko, usimimine. Karanga, kiganja kimoja. Nyama, ondoa mafuta. Mboga jaza sahani. Hata ugali kidogo usiuogope. Na tembea."

Mwanzoni Mwamvua alinuna. Maharage gani haya, makavu! Lakini alipima. Sokoni akaenda kwa miguu. Pole pole gauni likalegea, na magoti yakapata nafuu.

Siku ya harusi, ngoma ilipolia, Mwamvua alikuwa wa kwanza kuingia uwanjani. Vigelegele! Alicheza mpaka Dadi akachoka kumtazama.

Zena akamnong'oneza, "Mama, pumzika basi."

"Nipumzike? Nimepumzika miaka mingi, mwanangu!"

Akamshika bi harusi mkono, wakacheza wote wawili.