Pampu Iliyotaka Kusalimiwa

Kila alfajiri, chungu-bomba elfu nne huingia kwenye mabomba ya maji ya jiji la Mbeya. Ni roboti ndogo kama punje za maharage. Hutambaa ndani kwa ndani zikiziba nyufa na kukwangua kutu, na zinapotokea upande wa pili hakuna anayezipigia makofi. Mwaka huo wa 2091 watu walikuwa wamekwishazizoea, kama walivyozoea kulalamikia baridi.

Zote zilipokea amri kupitia kisanduku kimoja cha chuma, kikubwa kama mkate, kilichofungwa ukutani katika kituo cha pampu huko mlimani. Mafundi walikiita mpisha-mawimbi. Kilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, kuchuja: kila ujumbe uliokuja hewani kiliuuliza umetoka wapi, kisha kikaupitisha au kikautupa. Ya pili, kuzungumza na Bibi.

Bibi alikuwa pampu kuu, chuma cha miaka hamsini, asiyejua mawimbi wala mtandao. Alielewa waya mmoja tu, unaopitisha herufi moja baada ya nyingine kama watoto kwenye foleni ya uji. Kisanduku kikisema haraka kuliko Bibi anavyosikia, foleni inavurugika na uji unamwagika.

Jumatatu moja mhandisi Tusajigwe, aliyekabidhiwa kituo mwezi mmoja tu uliopita, alipata agizo kutoka makao makuu: aandike orodha ya wanaoruhusiwa, wengine wote wafungiwe nje. Aliandika anwani ya makao makuu. Akaandika za chungu-bomba. Kisha akapekua kumbukumbu, akakuta mgeni asiyejulikana aliyekuwa akimtumia Bibi herufi chache kila siku, saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi. Kwa miaka tisa!

"Mdokozi huyu," alisema Tusajigwe, akamfungia. Akajipongeza kwa chapati ya pili.

Jumanne saa moja asubuhi, Bibi alizimika.

Tangi la akiba lilikuwa na maji ya kutosha kwa saa tano tu. Chini yake ilikaa nusu ya jiji, pamoja na wodi ya wazazi. Tusajigwe alikagua waya. Akakagua kasi ya mazungumzo: biti elfu tisa na mia sita kwa sekunde, pande zote mbili. Alizima, akawasha, akabembeleza, akapiga teke, tena dogo la heshima. Bibi alirudisha neno lilelile: NANGOJA.

Saa nne ndipo alipoona maandishi ya kalamu ndani ya mlango wa kabati la waya: "Ukishindwa, niite. Ambakisye, nyumba ya kwanza ukishuka." Akashuka mbio.

Mzee Ambakisye, fundi mstaafu, alikuwa ameketi kibarazani ndani ya koti zito, simu ya vitufe mapajani, macho mekundu.

"Mzee, pampu imegoma! Kasi nimeangalia, waya nimeangalia, kila kitu..."

Mzee alimtazama tu.

"...Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ehe. Na yeye umemsalimia?"

"Nani?"

"Bibi. Leo nimemsalimia mara sita, haitikii. Nikajua ndiyo basi tena, wamempeleka kwenye chuma chakavu. Kumbe ni wewe umenibania mlango!"

Alicheka hadi akakohoa. Kisha wakapanda kilima, yeye akisimulia, polepole mno kwa watu waliobakiza maji ya saa mbili.

Zamani mafundi walikuwa kumi na mmoja. Walipounga waya mpya, jaribio lilikuwa hilo: unatuma SHIKAMOO, Bibi anajibu MARAHABA. Akijibu herufi za ovyo, kasi hazijalingana. Ulikuwa utani wa zamu, sawa na viazi walivyooka juu ya mota na redio yao iliyoshika stesheni moja tu, ya mahubiri.

"Halafu mwenzetu Lugano akaanguka mle kituoni, zamu ya peke yake," alisema mzee. "Pampu ikaendelea vizuri. Makao makuu wanaona namba nzuri, wanafurahi. Tulimkuta baada ya siku mbili."

Tusajigwe alipunguza mwendo.

"Ndipo tukamfundisha Bibi: asiposalimiwa na mtu asubuhi, asimame. Ili mtu aje aangalie."

"Na mlipoondolewa, zikaletwa roboti?"

"Nani alituuliza? Mimi naamka mapema. Nikawa namsalimia kutoka nyumbani."

Tusajigwe aliketi mbele ya kibodi, akaandika SHIKAMOO. Waya ulinyamaza, kisha herufi zikaja moja moja, bila haraka: M, A, R... Sakafu ikatetemeka. Mzee aligeukia ukuta, akawa anakagua kutu isiyokuwepo.

Tusajigwe angeweza kulifuta sharti lile palepale, na makao makuu wangempongeza. Badala yake aliongeza mstari kwenye chujio, juu kabisa, kabla hata ya makao makuu: huyu apite.

"Na siku nikishindwa?" aliuliza mzee. "Macho yenyewe haya."

"Nitaona."

"Wote husema hivyo."

Miezi mitatu salamu haikukosa. Kisha Alhamisi moja ya Julai, saa kumi na mbili na dakika tano, kumbukumbu haikuandika kitu. Dakika sita. Saba. Tusajigwe alimsalimia Bibi yeye mwenyewe, akanyakua koti, akateremka kilima akiteleza kwenye umande.

"Hodi! Mzee! Hodi!"

Kimya. Kisha kikombe kikagonga kisahani.

"Karibu," ilisema sauti ndani. Mzee alikuwa mezani, amevaa hadi viatu, saa ya mkononi ameishika karibu na pua, chai ya watu wawili mbele yake. "Dakika kumi na nne. Si mbaya. Lugano alingoja siku mbili."

Tusajigwe alitaka kugomba, ila pumzi haikutosha. Aliegemea mwimo wa mlango, akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba. Kaa basi, inapoa."