Kifungo Kikubwa

Kila Jumamosi, chai ikiwa bado ya moto mezani, Kiroboto alimpa mama yake mtihani. Jina hilo la utani alibandikwa na jirani kwa kuwa hakuweza kukaa kitini akatulia, naye alilipenda kuliko lile la shuleni. Mama alifumba macho kwanza. Kiroboto akampa shati la shule, na mama akafunga kifungo kimoja kidogo kwa vidole vya mkono wa kushoto peke yake.

"Haya, mwalimu, nimefaulu au nimefeli?"

"Umefaulu, lakini umetoa ulimi nje."

"Ulimi hauhesabiwi!"

Mama alikuwa fundi cherehani, na alipenda mno kupiga mbizi. Alijua kubana pumzi na kuteleza chini ya maji kutoka ukingo mmoja wa bwawa la kuogelea hadi wa pili. Kisha akapata ugonjwa wa neva, ule usiopona ila hutulizwa kwa dawa. Siku nyingine alikuwa mzima kabisa. Siku nyingine mguu ulikuwa mzito na vidole vikafa ganzi. Majirani walimwambia aachane na maji. Daktari alimpima, akamruhusu kuendelea kwa masharti: bwawani tu, asizame bila mtu wa kumwangalia, na siku ya ganzi asizame kabisa. Ndipo mama na binti wakabuni mtihani wa kifungo: akikifunga, anazama, na Kiroboto ndiye mlinzi wake ukingoni.

Ikafika siku ya tamasha la klabu yao ya kuogelea. Kiroboto alikuwa amewatambia wenzake darasani wiki nzima: "Mtamwona mama yangu! Mtabaki midomo wazi!" Lakini asubuhi hiyo mama aliamka amechoka, na kijiko kikamponyoka alipokoroga chai. Kiroboto alikiokota akiwaza. Mama akifeli leo, yeye ataificha wapi sura yake?

Mama alipofumba macho, Kiroboto aliacha shati kitini. Alinyata hadi kwenye cherehani, akachukua blauzi ya mteja yenye vifungo vikubwa kama vifuniko vya chupa, akampa mama. Mama alihangaika kidogo, kisha akafunga.

"Nimefaulu?"

"Umefaulu," alijibu Kiroboto, akairudisha blauzi upesi. Safari hii hakutania.

Bwawani, wenzake walikuwa wamejipanga ukingoni wakipiga makofi. Mama aliingia majini, akavaa miwani yake, akaanza kuvuta pumzi taratibu.

"Mlinzi wangu yuko wapi?" aliuliza huku akitabasamu.

Tabasamu lile lilimchoma Kiroboto kuliko fimbo. Mama akavuta pumzi ya mwisho.

"Mama, usizame!" alipiga kelele. "Nimekudanganya! Nilikupa kifungo kikubwa!"

Makofi yakakatika. Mama akapandisha miwani kwenye paji la uso.

"Kikubwa kiasi gani?"

Kiroboto akaonyesha kwa vidole, machozi yakimtiririka. Mama akautazama mkono wake wa kushoto, kisha akaangua kicheko.

"Kile cha blauzi? Nilikishona jana mwenyewe! Fundi mzima nisikitambue? Basi leo hivi vidole havipo kazini kabisa!"

Kicheko kikaisha, na mama akayaangalia maji. Kocha, mwanamke mwenye sauti nzito, akamshika bega.

"Toka, dada. Leo utanisaidia hapa juu."

Akamvisha filimbi shingoni, akawaita wanafunzi wote kwenye maji ya kina kifupi washindane kupuliza mapovu. Mama alikaa ukingoni, miguu majini, akawa mwamuzi. Mvulana mmoja alicheka katikati ya kupuliza, maji yakamwingia puani, akapiga chafya kubwa. Mama akamtangaza bingwa wa chafya, na bwawa zima likavunjika mbavu. Hakuna aliyemcheka Kiroboto.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama alimshika mkono.

"Umenikasirisha, na vyombo vya leo ni vyako vyote. Lakini umesema ukweli kabla sijazama, mbele ya rafiki zako, na hilo si jambo dogo. Nikiwa chini ya maji, macho yangu ni wewe. Mlinzi mwongo ni hatari kuliko kukosa mlinzi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Vyombo je?"

"Nitaosha," alisema Kiroboto, na wote wawili wakacheka.

Mama alipumzika, akarudi kwa daktari, akaendelea na dawa. Jumamosi kadhaa zikapita kwa mapovu na filimbi tu. Kisha asubuhi moja alifumba macho, akapokea nguo, na vidole vyake vikatembea juu ya kitambaa bila haraka.

"Hiki kidogo," alisema kabla hata ya kukifunga. "Tena uzi wake umelegea. Lete sindano!"

Kiroboto akaruka hadi nusura apindue chai.

Siku hiyo mama alizama, Kiroboto akitembea ukingoni sambamba naye bila kupepesa macho. Mama alipoibuka upande wa pili, alivuta pumzi, akamtafuta binti yake kwa macho.

"Uliogopa, mama?" Kiroboto aliuliza.

"Niogope nini?" mama alisema. "Najua nani ananiangalia."