Funda la Wakio

Msimwonee huruma rafiki yangu Hillary. Alijua alichokuwa akifanya. Kazi yake ilikuwa kupima maji ya chemchemi iliyo chini ya mgodi wa chuma, kule Mghange, lakini chupa alizopeleka maabara alizijaza kwenye bomba lake mjini Voi. Majibu yakawa safi kila mara.

Siku moja Wakio, bibi aliyezika mjukuu kwa sababu ya maji yale, alimnyooshea kikombe cha maji hayo. "Mwanangu, kwetu anayekaribisha ndiye huonja kwanza. Wewe ndiye unayetukaribisha maji haya, ukisema ni mazuri. Onja." Hillary akacheka. Wakio akayanywa mwenyewe, midomo ikabaki na wekundu wa kutu. Mwezi haukuisha, naye akazikwa.

Safari iliyofuata, Hillary alikuwa akirudi peke yake katika ukungu na chupa zake za maji ya bomba aliposikia ndani ya kasha la chupa hizo koo la mtu likimeza, taratibu, kama mgonjwa. Akasimamisha gari, akafungua. Hakuna kifuniko kilichoguswa, lakini kila chupa ilikuwa imepungua funda moja.

Siku hizi mkewe humjazia glasi pomoni. Ikifika mezani imepungua funda, na ukingoni pana alama ya midomo, nyekundu, bado mbichi.