Kelele za Gari la Maiti

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghorofa ya Nakivubo, Kampala, Oketch alipomaliza kununua mita sita za waya, ule wenye nyuzi mbili zilizosokotana ndani ya wavu wa shaba. Alirudi gereji kwa miguu, maana saa kumi na mbili jioni magari ya pale hayasogei. Kwa umeme wa magari Oketch alikuwa bingwa, tusimnyime haki yake. Ila siku hiyo alijikokota kama mtu aliyeitwa polisi. Gari lililokuwa likimngoja alilijua vizuri.

Lilikuwa gari la maiti la Olanya.

Na ndilo lililombeba kaka yake, Ondiek.

Olanya, dereva, alikuwa ameshaeleza shida yake. Jamaa wa marehemu hukaa nyuma na jeneza, yeye hukaa mbele, na katikati kuna ukuta wa bati. Nyuma kuna maiki, mbele kuna spika, ili wakitaka kusimama njiani wamwambie. Lakini kwa miezi miwili spika imekuwa ikinguruma tu. "Makelele, ssebo," alisema kwa heshima ya Kiganda. "Watu wanaita huko nyuma, mimi sisikii kitu." Na alfajiri alikuwa na maiti mwingine wa kupeleka Busia, mpakani. Akamwachia Oketch funguo, akaenda kula.

Miezi miwili. Ndio muda uliopita tangu wampeleke Ondiek kuzikwa Ugenya, ng'ambo ya mpaka wa Kenya.

Sasa niseme ukweli, hata kama yeye Oketch hakuwahi kuusema. Kwao Ujaluoni, maiti akisafirishwa kutoka mbali, mtu wa damu yake hukaa kando ya jeneza akimweleza njia. Tunatoka Kampala sasa. Tunavuka Nile sasa. Huu mpaka, vuka nasi. Asipoelezwa, mwili utafika, mwenyewe atabaki njiani. Jamaa wengine walipanda basi, na kazi hiyo akaachiwa Oketch peke yake. Lakini alikuwa amekesha matangani siku tatu, na kule nyuma kulikuwa na baridi na harufu ya dawa ya kuhifadhia maiti. Kufika Mukono, kabla hata ya Nile, akaomba kuhamia mbele kwa Olanya. Akasinzia. Alipozinduka, walikuwa Busia.

Mama alipomuuliza, alijibu kwamba amemweleza kaka kila daraja na kila kona. Mwanamume mzima, anamdanganya mamake mbele ya kaburi! Aibu ile ilikuwa inamla mpaka leo.

Tangu hapo Teresa, mjane wa Ondiek, hakumwota mumewe hata mara moja. Na kwao mjane hatoki kwenye kilio mpaka marehemu amtokee ndotoni. Kila asubuhi alimpigia Oketch simu na kumwambia maneno yale yale: "Shemeji, bado hajafika."

Basi, Oketch akaanza kazi. Akawasha injini. Spika ikatoa mluzi mwembamba, ukapanda kila alipokanyaga mafuta. Huo ni wa alteneta, ile inayochaji betri, akajisemea, si kitu. Akafunga kapasita ya kumeza kelele, mluzi ukafa. Ukabaki ule mngurumo. Akaziona nyaya za maiki zimelala sambamba na za taa, akazing'oa. Akapitisha waya mpya upande wa pili wa gari, na wavu wake wa shaba akaufunga kwenye bodi ncha moja tu, kwa kuwa ukiufunga ncha zote mbili huzaa kelele yake yenyewe.

Mngurumo ukafa.

Kimya.

Halafu, chini ya kimya kile... pumzi.

Kuna mtu alikuwa anapumua kule nyuma.

Oketch akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma. Hapakuwa na mtu. Pa kuwekea jeneza palikuwa patupu, na ile harufu ya dawa ikampiga usoni. Akaufunga, akarudi mbele, akazima injini. Pumzi ziliendelea. Akachukua spana, akatoa waya wa betri.

Pumzi ziliendelea.

"Omera," spika ikasema kwa Kijaluo, yaani ndugu yangu. "Tumefika wapi?"

Ilikuwa sauti ya Ondiek. Safi kabisa, bila mkwaruzo. Miezi miwili alikuwa akiuliza swali hilo, na kelele zikimfunika.

Oketch akalia. Alimpenda kaka yake, hilo halina ubishi. Na alijua la kufanya: apande nyuma, angoje alfajiri, amsindikize mpaka Busia na kutoka hapo mpaka Ugenya akimweleza njia, safari hii bila kulala. Ni mwendo wa siku moja tu, na Teresa angetoka kwenye kilio. Lakini aliogopa kupanda humo nyuma.

"Omera, nijibu. Huku giza... tumefika wapi?"

Oketch akaweka mdomo kwenye ukuta wa bati.

"Tumefika," akanong'ona. "Tumefika nyumbani. Shuka."

Springi zikalia. Gari likainuka kidogo, kama linavyoinuka akishuka mtu mnene. Mlango wa nyuma, ule alioufunga kwa mkono wake, ukafunguka. Kisha akasikia nyayo kwenye changarawe.

Nyayo za mtu asiye na viatu.

Olanya aliporudi, betri ilikuwa imeshafungwa. Alijaribu spika, akafurahi, akampiga Oketch begani. Oketch akamuuliza kwa sauti ya chini kama amewahi kusikia mtu humo. Olanya akasema spika hunasa mambo mengi, hata simu za watu. Kisha akaliangalia gari lake.

"Lakini hii gari ilikuwa nzito," akasema. "Miezi mbili, hata bila maiti. Sasa ndiyo nasikia iko nyepesi."

Akaondoka nalo. Oketch akabaki peke yake kati ya magari mabovu, giza likiingia, akijiambia kwamba angalau kaka amepumzika. Simu ikaita. Alikuwa Teresa, na haikuwa saa yake ya kupiga.

"Shemeji, nilisinzia kidogo hapa jikoni," akasema. "Nimemwota."

Oketch akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Usishukuru," Teresa akasema, na sasa alikuwa analia. "Amesimama mahali pa vyuma. Magari mengi, hayana magurudumu. Anauliza kwa nini mama hamfungulii."

Oketch akageuka. Kule mwisho wa uwanja, gizani, mtu alikuwa akigonga milango ya magari, mmoja baada ya mwingine, polepole, akimwita mama.