Meno Hayapigwi Tupa

Mimi ni fundi cherehani. Tangu ujana nilikuwa nakata uzi kwa meno. Siku hizi siwezi, na nikikumbuka sababu yake damu inanichemka.

Binti yangu alipomaliza shule alitaka kazi ya kusafisha meno ya watu. Kwenye lango la soko hukaa mzee anayeitwa Daktari Tupa. Alimwambia, "Wiki mbili tu, mwanangu, utakuwa fundi kamili." Akampa limau na tupa, ile ile ya kunolea mapanga. Mtu wa kwanza kufanyiwa majaribio nilikuwa mimi, mama yake.

"Mama, usitikisike," alisema.

Meno yakawa meupe kweli. Majirani walinisifu, nami nikacheka mpaka jino la mwisho.

Kesho yake nilikunywa maji ya baridi nikaruka kwa maumivu. Tukaenda zahanati. Dada anayesafisha meno pale alinichungulia kwa kioo chake kidogo, uso ukambadilika.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Mimi," binti alijibu kwa sauti ndogo.

"Na aliyekupa tupa? Huyo ndiye ninayemtaka! Gamba la juu la jino likiliwa halioti tena. Ukoga mgumu unatolewa kwa vifaa vyake, na mtu aliyesomea."

"Nikasomee wapi, dada?" Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Chuo cha afya kilichosajiliwa. Kwanza ufaulu biolojia na kemia. Utasoma miaka, si wiki! Utahudumia wagonjwa huku mwalimu anakusimamia. Kisha mtihani, kisha leseni. Ndipo uguse kinywa cha mtu."

Kemia alikuwa amefeli. Akairudia mara mbili, mkaidi yule, akapata, akaingia chuo.

Daktari Tupa nilimfuata langoni nikampa vidonge vyake. Akanicheka! Mpaka leo yupo pale, na watu wazima na akili zao wanampanulia midomo.

Juzi nilikaa kwenye kiti cha zahanati. Binti yangu alivaa glavu na barakoa, leseni yake iko ukutani. Alishika kioo, lakini hakunigusa.

"Mama," aliuliza, "kabla sijaanza, niambie panauma wapi."

Nilimwonyesha kwa kidole meno ya mbele. Siku ile ya tupa hakuna aliyeniuliza.