Maneno Kumi na Mawili Nyuma ya Kalenda

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu alasiri, Vumilia alipita katika zahanati ya Daktari Rukhsana, pale Nyahanga, kumsubiri dada yake Scolastika ili warudi nyumbani pamoja. Vumilia alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Alikaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba kidogo cha nyuma, akafanya kazi za shule. Sharti lilikuwa moja tu, asiguse kitu chochote kilichokuwa juu ya meza.

Juu ya meza kulikuwa na kompyuta. Scolastika hakusomea kompyuta chuoni. Alijifunza mwenyewe, kwa simu na kwa vitabu vya kuazima, na sasa alikuwa akiijengea zahanati hifadhidata, yaani ghala la kutunzia habari za wagonjwa badala ya yale madaftari makubwa yaliyokuwa yakiliwa na mchwa.

"Dada," Vumilia aliuliza siku moja, "mtu akiiba nywila, lile neno la siri la daktari, humo ndani, si atasoma magonjwa ya watu wote?"

"Nywila haimo humu."

"Haimo? Sasa mashine inamjuaje daktari?"

"Nywila tunaisaga. Ukishasaga mahindi, unaweza kuurudisha unga uwe punje?"

"Haiwezekani."

"Basi humu kuna unga tu. Daktari akiandika nywila yake, mashine inaisaga upya na kulinganisha unga na unga. Kila mfanyakazi ana akaunti yake. Anayepokea wagonjwa anaona majina, daktari anaona yote. Lakini habari za wagonjwa hatuwezi kuzisaga, kwa sababu kesho tunataka kuzisoma tena. Hizo tunazifungia."

"Kwa kufuli?"

"Kwa maneno kumi na mawili. Mashine ikizimika, siku ya kuwaka inayauliza. Asiye nayo haoni kitu, hata mimi niliyeijenga."

"Umeyaweka wapi?"

Scolastika alicheka. "Mahali ambapo mwizi hatapekua."

Januari, Jumatatu ya kufunguliwa shule, Mwalimu Masudi wa darasa la sita alitangaza kwamba madaftari yote yawe yamejalidiwa ifikapo Jumatano. Watoto wa Nyahanga wanajua kwamba jalada zuri kuliko yote ni kalenda ya mwaka uliopita. Karatasi yake ni nene, inang'aa, na maji hayaipenyi upesi kama gazeti. Kila Januari watoto huziwinda kalenda za zamani madukani na maofisini, na anayewahi ndiye anayepata. Mwaka jana Vumilia alichelewa, akajalidi kwa mfuko wa saruji, na wenzake wakamwita Fundi Ujenzi mpaka Juni.

Katika chumba cha nyuma, ukutani, ilining'inia kalenda ya duka la vifaa la Bwana Nadeem, kaka yake daktari. Ilikuwa imebaki karatasi moja tu, ya Novemba na Desemba, yenye picha ya twiga. Jumatatu hiyo Scolastika alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Vumilia aliitazama kalenda. Aliambiwa asiguse vitu vya mezani, na kalenda ilikuwa ukutani. Tena mwaka ulikuwa umekwisha. Akapanda juu ya kiti, akaichomoa kwenye msumari.

Nyuma yake, kwa kalamu ya wino wa bluu, yalikuwa yameandikwa maneno yaliyopangwa kwenda chini kama orodha ya sokoni. Aliyasoma haraka. Hayakuhusiana hata kidogo. Katikati yake kulikuwa na neno la Kisukuma, *wabeja*, la kushukuru, na hilo lilimchekesha. Akaikunja kalenda na kuitia mkobani.

Nyumbani aliikata katikati kwa mkasi. Nusu ya juu alijalidia daftari lake la Hisabati, akalibandika kwa uji mzito wa unga wa mahindi, twiga akatazama nje. Nusu ya chini alimpa jirani yake wa darasani, Mabula, ambaye hakuwa na jalada lolote. Mabula alifurahi sana. Akaligeuza daftari lake la Sayansi huku na huku na kusema, "Twiga wangu hana kichwa, lakini miguu anayo. Wako atatembeaje?"

Walicheka. Jumatano madaftari yakakaguliwa, na Vumilia akasahau habari ya kalenda.

Alhamisi umeme ulikatika tangu asubuhi. Betri ya akiba iliisaidia kompyuta mpaka saa saba, kisha ikaisha. Umeme uliporudi saa nane, kompyuta iliwaka, ikauliza maneno kumi na mawili.

Vumilia alipofika saa tisa na nusu, aliona kuna jambo kabla hajasalimia. Scolastika alikuwa amepiga magoti, anatazama chini ya meza kwa tochi ya simu. Daktari Rukhsana alisimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba," daktari alijibu bila kumtazama. "Scolastika, una hakika uliyaandika kwenye kalenda?"

"Nyuma yake. Mwizi anapekua droo, haibi kalenda ya zamani. Nilipanga kuandika nakala ya pili niiweke kwenye sanduku lako la chuma. Nikawa nasema kesho, kesho."

Vumilia alitazama msumari ukutani. Alitamani urudishe kalenda wenyewe.

Kwenye benchi la nje mama mmoja alikuwa amempakata mtoto wa miaka sita. Mtoto aliitwa Amosi. Alikuwa na homa kali, macho yamefumbwa nusu, anapumua kwa haraka kama aliyetoka kukimbia. Walitoka kwenye machimbo madogo ya dhahabu, mbali kidogo na mji.

"Mama Amosi," daktari alisema kwa upole, "jaribu tena. Sindano ile ya mwaka jana, iliyomvimbisha uso, hukumbuki jina lake?"

"Sikumbuki, Daktari. Mimi sijui majina ya dawa. Uliandika wewe, ukaniambia dawa hii asipewe tena maana itamziba pumzi. Kadi yake ililowa mvua ilipobomoa kibanda chetu."

"Nimeandika, ndiyo. Imo humu tu." Daktari alionyesha kompyuta, kisha akamgeukia Scolastika na kushusha sauti. "Anahitaji dawa leo, na siwezi kubahatisha. Hata nikimpeleka hospitali kubwa, nako wataniuliza swali hilihili."

Alimpa Amosi dawa ya kushusha homa na maji ya kunywa, akamwagiza mama yake amfute kwa kitambaa chenye maji. Kisha akageuka.

"Nani mwingine huingia chumba hiki?"

Scolastika akasema polepole, "Mimi, wewe, na Mama Mabula anapofagia." Hakumhesabu mdogo wake, kwa kuwa hakuwahi kugusa kitu humo.

Mama Mabula aliitwa. Alikuja na ufagio mkononi, kanga ameifunga kiunoni. Ndiye mama yake Mabula wa darasani.

"Mama Mabula, ile kalenda ya ukutani uliitupa?"

"Sijaigusa, Daktari. Vya ukutani sivigusi."

"Mwaka umekwisha, ukaona ni takataka. Si kosa kubwa ukisema. Umeichoma?"

"Sijaichoma. Naapa mbele ya Mungu."

"Haikuondoka na upepo," daktari alisema. Alikuwa amechoka, na hofu ya mtoto yule ilimkaba. "Kama huwezi kuniambia ukweli, basi ukitoka leo niachie funguo za zahanati."

Mama Mabula aliuegemeza ufagio ukutani taratibu, akaenda uani kupekua shimo la takataka kwa mikono yake, akitafuta kitu ambacho hakukitupa.

Vumilia alifungua kinywa. Akakifunga tena. Aliona jinsi wote wangemgeukia. Dada angeaibika, naye pengine angefukuzwa kazi. Kisha likamjia wazo. Daftari lake la Hisabati lilikuwa limekusanywa leo asubuhi kwa kusahihishwa. Angelichukua shuleni, angekimbia kwa Mabula kuchukua nusu ya pili, kisha angeiangusha karatasi nyuma ya meza. Wangeikuta. Hakuna ambaye angejua.

Alitoka mbio. Alipofika shuleni ofisi ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mlinzi akamwambia, "Mwalimu Masudi ameondoka na madaftari yenu kwenye baiskeli. Kesho, binti."

Vumilia alisimama pale, akihema. Kesho. Alikumbuka jinsi Amosi alivyokuwa akipumua. Aliona kwamba nusu saa nzima alikuwa amekimbia kwa ajili ya nafsi yake, na mtoto yule bado alikuwa kwenye benchi. Akageuka, akarudi mbio zaidi kuliko alivyokwenda.

Alimkuta Amosi amelazwa ndani. Midomo yake ilikuwa mikavu, na hakuwa akiitikia vizuri mama yake alipomwita. Mabula alikuwa amefika kumfuata mama yake, akasimama kwenye mlango wa uani, hajui la kufanya. Mama Mabula alikuwa amevua kitita cha funguo za zahanati shingoni, akakiweka mezani.

"Ni mimi," Vumilia alisema.

Hakuna aliyesikia. Akasema tena, kwa sauti iliyotetemeka, "Kalenda niliichukua mimi. Nimejalidia madaftari. Mama Mabula hajui kitu."

Scolastika alimtazama muda mfupi. Hakumfokea. "Iko wapi?"

"Niliikata. Nusu iko kwenye daftari langu la Hisabati, analo Mwalimu Masudi. Nusu nyingine..." Akamtazama Mabula.

Mabula alitazama mkoba wake kama vile kuna nyoka ndani. Kisha akatoa daftari la Sayansi, lenye twiga asiye na kichwa, akampa mama yake. Mama Mabula ndiye aliyelibandua jalada, taratibu, kwa kucha, bila kuchana hata kidogo. Maneno sita ya mwisho yalikuwa yanasomeka yote.

Daktari alimpigia simu Mwalimu Masudi, akafungua spika, akamwomba alibandue jalada la daftari la Vumilia. Walimsikia akivuta karatasi, akiguna. "Huyu mtoto alibandika kwa uji wa sherehe nzima," alisema. "Haya, andikeni. La kwanza, pamba. La pili, kisima. La tatu, nyundo. La nne limelowa, wino umetawanyika, silioni. La tano, mbalamwezi. La sita, kinu."

Scolastika alifunga macho. "La nne sikumbuki. Niliyachagua kwa kubahatisha ili mtu asiweze kuyakisia."

"Bila hilo moja haitafunguka?" daktari aliuliza.

"Haitafunguka."

Walimsikia Amosi akipumua upande wa pili wa ukuta.

"*Wabeja*," Vumilia alisema. "La nne ni *wabeja*. Nililisoma siku ile, nikacheka."

Scolastika aliandika maneno yote kumi na mawili, vidole vikigonga kimoja kimoja. Mashine ilikaa kidogo. Kisha majina yakatokea. Daktari Rukhsana aliingia kwa akaunti yake, akageuza kioo upande wake ili wengine wasione, akasoma, akanyanyuka upesi.

"Nilikuwa karibu kumpa hiyohiyo," alisema, akaenda kwenye kabati kuchukua dawa nyingine.

Jua lilipoanza kupoa, Amosi aliomba uji. Mama yake alilia na kucheka kwa pamoja.

Ndipo daktari alipomwendea Mama Mabula. Alichukua kitita cha funguo mezani, akamrudishia kwa mikono miwili. "Nilikuhukumu bila kuuliza vizuri. Nisamehe, mama."

"Yameisha, Daktari," Mama Mabula alisema. Lakini hakutabasamu, na Vumilia aliona kwamba hayajaisha kabisa.

Vumilia alimwendea, akapiga goti. "Nisamehe, mama. Nilikuona unapekua takataka, nikanyamaza, nikakimbia ili niirudishe karatasi kwa siri, niiangushe nyuma ya meza."

Mama Mabula alimshika bega, akamsimamisha. "Kuchukua karatasi kuukuu bila kuomba ni kosa la kitoto, kila mtoto hapa amewahi kulifanya. Kunyamaza ndiko kulikoniumiza. Unajua kwa nini lile neno moja limepatikana?"

"Hapana, mama."

"Kwa sababu ulirudi ukasema. Ungeitupa karatasi nyuma ya meza kwa siri, dada yako angelikuta neno limelowa, na asingekuwa na mtu wa kumwuliza. Wewe ungelijua, ukaogopa kulisema. Ukiogopa, mwanangu, sema ukiwa bado unaogopa. Usisubiri hofu iishe kwanza, maana mwenzako anaumia wakati wewe unasubiri."

Scolastika alisikia, akakohoa kidogo. "Nami nina langu. Niliweka ufunguo mmoja mahali pamoja, nikajiona mjanja. Sasa watu wengi wameyasikia maneno haya, hayafai tena." Jioni hiyohiyo, kabla ya kuondoka, alibadilisha maneno yote kumi na mawili. Aliyaandika kwenye karatasi mbili, akazifunga ndani ya bahasha mbili. Moja iliingia kwenye sanduku la chuma la daktari. Ya pili ilipelekwa mahali pengine, na Vumilia hakuuliza wapi.

Kesho yake Mwalimu Masudi aliliinua daftari la Hisabati mbele ya darasa. Lilikuwa tupu, limebaki na mabaka ya uji mkavu.

"Vumilia, jalada liko wapi?"

Wenzake waligeuka kumtazama. Aliogopa tena, kama jana. Mwalimu alikuwa anajua jibu, lakini alisubiri.

"Halikuwa langu, mwalimu," Vumilia alisema. "Nililichukua bila kuomba. Sasa lirudi kwa mwenyewe."

Mwalimu Masudi alikubali kwa kichwa polepole, akampa daftari. Jioni Vumilia alilijalidi upya, kwa mfuko wa saruji.